Maswali ya wasomaji: Sanduku la kura lililopasuliwa kwa shoka

Assalam aleikum wasomaji wetu wa Amu, Malindi na kote mnakotusoma. Toleo lililopita tuliweka ile picha ya zamani ya jamaa ana shoka na sanduku la kura limepasuliwa, tukaandika chini yake mistari miwili tu kwamba ni Kaledonia Mpya, uchaguzi wa mwaka 1984. Basi maswali yamemiminika, ya maandishi na ya sauti kwenye WhatsApp, mpaka nikaona safu yote ya safari hii tuiache iende huko. Nimechagua matano.

*Bwana mhariri, salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Langoni, Amu. Nimesimamia vituo vya kura chaguzi nyingi, na sanduku ni kitu nilichokuwa nikikilinda mpaka usiku wa manane. Sasa huyu mtu analipasua mchana kweupe na nyinyi mnamtoa kama mtu wa maana. Ni nani huyu na alikuwa na ugomvi gani na kura? – Mwalimu, Langoni*

Shikamoo mwalimu. Swali lako ndilo nililolisubiri, kwa hivyo nivumilie nikujibu kwa urefu.

Huyo ni Éloi Machoro, Mkanaki, yaani mtu wa asili wa huko, mwenyeji wa upande wa Canala kwenye kisiwa kikubwa cha Kaledonia Mpya. Hivyo visiwa viko Pasifiki, mashariki ya Australia, na Ufaransa ilipandisha bendera yake huko tarehe 24 Septemba 1853 na mpaka leo hii haijaishusha. Mwanzo walipafanya jela, wafungwa wanatolewa Ufaransa wanavukishwa bahari miezi na miezi, halafu wakaja walowezi, na Wakanaki wakasukumwa kwenye vipande vya ardhi walivyotengewa. Kuanzia 1887 kulikuwa na sheria maalum ya watu wa asili, huruhusiwi kutoka eneo lako bila idhini, kuna kazi za lazima, kuna kodi ya kichwa, hiyo ikakaa mpaka 1946. Ilipoondolewa ndo Wakanaki wakaambiwa nyinyi sasa ni raia, lakini kura hawakupewa wote siku hiyo hiyo, ilikuja kwa mafungu mpaka 1957 ndo wakawa wote wanaweza kupiga.

Sasa hapa ndipo penyewe mwalimu. Wakati wanapata kura, ardhi yao ilikuwa inajaa watu wengine. Huko kuna nikeli, madini ya kutengenezea chuma kisichoshika kutu, na mwishoni mwa miaka ya 60 bei ikapanda sana, watu wakaja kwa maelfu kutoka Ufaransa na visiwa vingine vya Pasifiki, Wakanaki wakazidi kuwa wachache kwao wenyewe. Na haikuwa bahati mbaya tu. Tarehe 19 Julai 1972 waziri mkuu wa Ufaransa Pierre Messmer alimwandikia barua waziri wake mdogo aliyeshughulikia maeneo ya ng'ambo, na maana ya barua ile ni kwamba dawa ya Wakanaki kudai nchi ni kuhamishia huko Wafaransa wengi, ili hesabu ya watu ielemee upande wa Ufaransa. Barua ipo, inajulikana, haikusingiziwa na mtu. Mimi kila nikiifikiria nachoka, maanake anayeandika vile haogopi uchaguzi hata kidogo, anautaka kabisa, ila kwanza anataka kuchagua wapiga kura.

Ndo maana Wakanaki waliotaka uhuru hawakuanza kwa kugombania viti, waligombania daftari la wapiga kura. Julai 1983 walikaa na serikali ya Ufaransa mahali panaitwa Nainville-les-Roches, karibu na Paris, na pale walifanya jambo kubwa ambalo halitajwi vya kutosha: wakakubali kwamba wale wengine nao, watoto wa wafungwa na walowezi na vibarua, ni watu walioletwa na historia na wana haki ya kuamua pamoja nao. Fikiria, mtu kapokonywa ardhi kisha anamwambia mtoto wa aliyempokonya, wewe pia ni wa hapa. Walichoomba ni kwamba atakayepiga kura kuamua mustakabali wa nchi angalau mzazi wake mmoja awe kazaliwa pale. Paris haikukubali. Mwaka uliofuata ikapitisha sheria yake ya utawala na kuitisha uchaguzi wa bunge la visiwa, viti 42, kwa daftari lile lile ambalo askari na afisa aliyeletwa kikazi kutoka Ufaransa anapiga kura sawa na mzee ambaye babu zake wamezikwa pale.

Septemba 1984 vyama vya uhuru vikaungana kuwa FLNKS wakasema hatushiriki, na si kukaa nyumbani tu, tutauzuia. Tarehe 18 Novemba 1984, siku ya kura yenyewe, Machoro akaingia ukumbi wa manispaa ya Canala na shoka akalipasua sanduku. Huyu mtu alikuwa katibu mkuu wa Union Calédonienne, chama kikubwa kuliko vyote ndani ya ule muungano, na cheo hicho alikipata baada ya mwenzake Pierre Declercq kupigwa risasi nyumbani kwake Septemba 1981. Declercq alikuwa Mzungu, Mfaransa kabisa, ila alisimama na Wakanaki. Nalitaja hili kwa sababu wengine mmeandika mkadhani ni ugomvi wa rangi na rangi tu.

Matokeo? Karibu nusu ya waliojiandikisha hawakupiga, chama kilichotaka kubaki na Ufaransa, RPCR, kikazoa viti 34 kati ya 42. Bunge likakaa. Lakini halikutawala kitu, barabara zilikuwa zimefungwa na mji wa nikeli wa Thio ulikuwa mikononi mwa watu wa Machoro. Tarehe 5 Disemba Wakanaki waliokuwa wanarudi kijijini kwao usiku kutoka mkutanoni, bonde la Hienghène, wakaviziwa na walowezi wenye bunduki, kumi wakafa, wawili wao ndugu wa Jean-Marie Tjibaou aliyekuwa kiongozi wa FLNKS. Na Tjibaou mwenyewe ndo kwanza alikuwa anawaomba watu wake waondoe vizuizi barabarani! Walioua walishtakiwa wakaachiwa mwaka 1987, wazee wa baraza mahakamani hakuwemo hata Mkanaki mmoja. Machoro mwenyewe alipigwa risasi na mdunguzi wa askari tarehe 12 Januari 1985.

Kwa hivyo mwalimu, wewe umelinda sanduku na umefanya jambo la heshima, wallahi. Ila sanduku linalindwa likiwa daftari lililokwenda nalo ni la haki. Daftari ni kama orodha ya waalikwa wa harusi, aliyeshika kalamu keshaamua nani atakula kabla sufuria halijapanda jikoni.

*Mhariri, mimi nimezaliwa Mpeketoni, wazazi wangu walitoka bara wakapewa shamba kwenye skimu ya Lake Kenyatta miaka ya sabini. Kila uchaguzi naambiwa mimi ni wa kuja. Hii habari yenu ya Wakanaki naona itatumika kunipiga mimi. Mwasemaje? – Mkulima, Mpeketoni*

Kaka, nimefurahi umeandika, na nakujibu wazi wazi. Umezaliwa hapa, unalima hapa, wewe ni mpiga kura wa Lamu na anayekwambia vingine hana katiba wala ubinadamu. Mpeketoni imeshazika watu wake kwa maneno ya namna hiyo na sisi hatutaki kuyarudia.

Nimekutajia Nainville juu kwa makusudi. Wakanaki ndo wenye kidonda lakini wao wenyewe walisema watoto wa walioletwa na historia nao wana haki pale. Ugomvi wao haukuwa na mtoto wa mlowezi, ulikuwa na meli na ndege ya kesho inayoshusha wapiga kura wapya huku wao wanazungumza. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeishi mahali, na mtu anayepandishwa basi siku za kujiandikisha akaletwa jimbo asilolijua, akaandikishwa, akapewa nauli ya kurudi. Huyo wa pili anakuibia wewe wa Mpeketoni sawasawa anavyomuibia mtu wa Matondoni. Na Lamu inaingilika, Lamu Mashariki ni miongoni mwa majimbo yenye watu wachache kabisa Kenya nzima, mabasi machache tu yanageuza matokeo. Na sasa bandari iko Kililana, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, watu watakuja tu, wengine kwa kazi halali, na wakikaa watakuwa wenzetu. Kwa hivyo tuanze kuzungumza mapema ni nani anahesabika mkaazi, tuzungumze kwa adabu, kabla hatujafika walikofika wao.

Maanake ngoja nikwambie walikofika. Mwaka 1998 walitia saini mapatano ya Nouméa, mji mkuu wao, wakakubaliana kwamba kura za mabunge ya mikoa mitatu, ambayo ndo yanatoa wajumbe 54 wa bunge kuu lao linaloitwa Kongresi, zitapigwa na waliokuwepo mpaka 1998 na watoto wao. Mwaka 2007 katiba ya Ufaransa ikaligandisha daftari hilo rasmi. Ikawa anayehamia baada ya hapo anampigia kura rais wa Ufaransa na meya wa mji wake lakini si bunge la visiwa. Kwa Wakanaki ilikuwa kinga. Lakini miaka ikaenda, ikafika zaidi ya ishirini, karibu mtu mmoja kati ya watano wenye kura kwenye daftari la kawaida akawa nje, wengine wameoa huko, wamezeeka huko. Nao wana hoja, sitadanganya.

Sasa Paris badala ya kuwakalisha watu ikaamua kuliyeyusha daftari kwa sheria, aliyekaa miaka kumi apige. Usiku wa kuamkia 15 Mei 2024 bunge la Ufaransa likapitisha, huku Nouméa tayari inawaka moto tangu tarehe 13. Watu 14 wakafa, maduka na viwanda vikateketea, hali ya hatari ikatangazwa, rais Macron akapanda ndege akaenda mwenyewe, na mwezi uliofuata akausimamisha mswada. Uchaguzi wa mikoa uliokuwa ufanyike Mei ile ile ukasogezwa, ukasogezwa tena. Yote hayo kwa jambo ambalo lilikuwa limeshawahi kumalizwa kwa maneno, watu wamekaa mezani.

*Niaje mhariri, mi naona mwatupeleka mbali sana. Kwani sisi Pwani hatukuwa koloni? Enzi za mkoloni watu wa Malindi walikuwa wapiga kura au la? – Kijana, Shela, Malindi*

Mdogo wangu hapo umenipa nafasi. Tulikuwa nayo Legiko, baraza la kutunga sheria la Kenya, na viti vyake viligawiwa kwa rangi. Wazungu walianza kuchagua watu wao mwaka 1920. Wahindi baada ya mvutano mkubwa wakapewa viti vyao, na wao walikuwa wanadai daftari moja la watu wote, Wazungu wakakataa katakata, na Wahindi wakagomea viti vyao kwa muda. Waarabu wakapewa kiti chao, na hapo Pwani ikaanza kusagana ndani kwa ndani nani ni Mwarabu kisheria na nani ni Mswahili asiyehesabika, nyumba moja, msikiti mmoja, lakini huyu ana kura huyu hana. Uchungu wa ugawaji ule baadhi ya wazee walikufa nao.

Mwafrika wa kwanza kuingia Legiko ni Eliud Mathu, 1944, na hakuchaguliwa, aliteuliwa. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ni Machi 1957, viti vinane kwa Kenya nzima, na kiti cha Pwani akakichukua Ronald Ngala. Na hata hapo kura haikuwa ya kila mtu, ilikuwa ya mwenye elimu kadhaa, au kipato, au mali, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa mpaka kura tatu peke yake! Mvuvi wa Malindi asiyejua kusoma hana hata moja, karani ana tatu. Sasa ukiona Mkanaki anaiangalia kura ya mkoloni kwa jicho la wasiwasi, utamuelewa.

*Salaam. Mimi ni dereva wa bodaboda Malindi mjini. Mwaka 2013 hapa kulikuwa na miito tusipige kura, wengine wakaitikia, wengine tukaenda na hofu. Hawa Wakanaki kugoma kuliwasaidia kweli? Nataka jibu la ndio au la. – Bodaboda, Malindi*

Ndugu yangu, ndio au la sitakupa, nitakupa miaka, ujionee.

1984 waligoma, bunge likaenda kwa wapinzani wao, lakini Ufaransa ilishtuka ikatuma mjumbe na mazungumzo ya uhuru yakafunguka mezani. Septemba 1987 ikaitishwa kura ya maoni, ukikaa miaka mitatu tu unapiga, FLNKS wakagoma, matokeo asilimia 98 kubaki na Ufaransa, na dunia ikaona takwimu hiyo ni ya upande mmoja. Aprili 1988 wakagomea uchaguzi wa mikoa, na kisiwa cha Ouvéa vijana wakavamia kituo cha askari, wanne wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka wakafichwa pangoni. Tarehe 5 Mei jeshi likalivamia pango, Wakanaki 19 na wanajeshi wawili wakafa. Ni damu hiyo iliyowaleta mezani mwezi uliofuata, mapatano ya Matignon, Tjibaou akapeana mkono na Jacques Lafleur, tajiri wa nikeli aliyeongoza RPCR. Mwaka mmoja baadaye, 4 Mei 1989, Tjibaou akauliwa hapo hapo Ouvéa, kwenye kumbukumbu ya waliokufa, na Mkanaki mwenzake aliyeona amewauza.

Halafu angalia waliposhiriki. 2018 kura ya uhuru, walioukataa asilimia 56.7. 2020 ikashuka mpaka 53.3, tofauti imebaki kura elfu kumi hivi nchi nzima. Walikuwa wanakaribia! Bado ya tatu, ya mwisho. Septemba 2021 korona ikaingia kwa nguvu, Wakanaki ndo waliokufa zaidi, na matanga yao si ya siku tatu, mila inataka mwaka. Wakaiomba Paris isogeze tarehe ili watu wazike na kuomboleza, kampeni gani utafanya mlango wa mfiwa. Paris ikakataa, kura ikapigwa 12 Disemba, wao wakabaki majumbani. Waliojitokeza hawakufika asilimia 44, na waliokataa uhuru asilimia 96.5.

Maoni yangu ni kwamba ile ya 1984 ilikuwa na mantiki kwa sababu ilikuwa na dai moja linaloeleweka, rekebisheni daftari, na baada ya miaka dai hilo likaandikwa kwenye mapatano. Ya 2021 siwezi kuwalaumu, hakuna mwenye maiti ndani anayekimbilia kituo cha kura, ila asilimia 96.5 hiyo inatumiwa dhidi yao kila wakikaa kuzungumza, na wataibeba miaka mingi. Wa hapa kwetu 2013 sikuona wakijibu swali moja: tukibaki nyumbani, kesho yake tunakwenda kwa nani na dai gani? Aliyebaki nyumbani aliamka akakuta gavana ni yule yule aliyechaguliwa na jirani yake aliyekwenda.

*Assalam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, Faza. Uchaguzi uliopita nilivuka na mashua kutoka shambani asubuhi nikapanga foleni masaa, kufika mbele nikaambiwa jina halipo, alama za vidole hazikusomeka, kaa kando. Nilikaa kando mpaka jua likazama. Nifanye nini lisirudi? – Mama, Faza*

Waaleikum salaam mama yangu. Kilichokupata kimewapata wengi visiwani, hasa akina mama na wavuvi, mikono ya kazi vidole vimelika, mashine inahangaika navyo.

Kwanza usisubiri siku ya kura. Uandikishaji unaendelea mwaka mzima kwenye ofisi ya tume ya jimbo lako, unafungwa tu uchaguzi ukikaribia, kwa hivyo nenda sasa na kitambulisho uombe waangalie jina lako lipo, na lipo kituo gani, maanake wengine majina yapo ila yamewekwa kituo chengine kabisa. Kama uliomba kuandikishwa na hukuandikishwa, sheria inakuruhusu upeleke dai kwa afisa wa uandikishaji, na usiporidhika unakwenda kwa hakimu. Uchaguzi mkuu ukikaribia daftari linatakiwa lifunguliwe watu walikague, hapo nenda tena. Vidole visiposomeka waambie watafute jina kwa namba ya kitambulisho, na kama hakuna anayekusikiliza muite msimamizi wa kituo, na mawakala wa vyama waone, usikubali kukaa kando kimya.

Na nenda na wenzako. Mashua moja, akina mama kumi, kila mmoja na kitambulisho chake, afisa hatawaambia nyote kumi rudini kesho. Ukipata muda tuandikie walikujibu nini, tutaliandika toleo lijalo na kituo bila kutaja jina lako.